Programu za viwandani zimekua, risiti ya mkulima imedumaa

Jioni moja jirani yangu, mzee wa kustahiwa anayelima miwa upande wa Malava, alibisha hodi mlangoni pangu hapa Kakamega akiwa ameshika bahasha kuukuu ya kaki. Baada ya kujuliana hali na kunywa chai, alitoa humo risiti tatu za mizani alizopewa na kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Zilikuwa zimechapishwa kwa mashine, na wino wake ulikuwa umeanza kufifia.

“Mwalimu,” akaniambia, “wewe ndiwe msomi wa lugha. Hebu nisomee hiki Kiingereza cha mashine.”

Nilipomuuliza ni wapi palipomtatiza, aliweka kidole chake kilichokomaa kwa jembe juu ya neno TARE. “Hapa najua wameandika tarehe, mashine ikakata neno. Lakini ni tarehe gani hii, 8460?”

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu. Mzee hakuwa amekosa akili, kwani alifanya kile ambacho kila msomaji hufanya akutanapo na neno geni: alilitafutia jamaa katika lugha anayoijua. Neno lile ni uzito wa gari likiwa tupu. Mizani husoma uzito wa trekta lenye shehena, ukaondolewa ule wa trekta tupu, na salio ndio uzito wa miwa anaolipwa mkulima. Risiti ilionyesha kilo 21,340, zikaondolewa kilo 8,460, zikabaki kilo 12,880. Hesabu ilikuwa sawa. Ajabu ni kwamba neno lenyewe, kwa mujibu wa wanaetimolojia, lina asili ya Kiarabu, likiwa na maana ya kitu kinachotupwa kando, na lilipitia Italia na Ufaransa kabla ya kutua Uingereza. Ni binamu wa maneno chungu nzima ya Kiswahili, ila lilikuja Kakamega kwa njia ndefu mno hata mwenyeji hakulitambua.

Nilipoziweka risiti zote tatu sambamba, nikaona jambo jingine. Zilikuwa za siku tatu tofauti na za trekta lilo hilo, na mara zote tatu uzito wa trekta tupu ulikuwa kilo 8,460, bila kupungua wala kuzidi. Sasa, lita 100 za dizeli peke yake zina uzito wa kilo 83 hivi. Matope ya shambani wakati wa masika nayo yana uzito wake. Yamkini trekta lile halikuwa likipimwa tupu kila safari. Programu ya mizani ilikuwa ikikumbuka uzito uliopimwa zamani na kuutumia tena na tena. Mzee alipokwenda kuuliza ofisini, karani alimthibitishia hivyo kwa adabu: programu hukumbuka ili foleni isikawie.

Sisemi kwamba mzee aliibiwa. Kukumbuka uzito wa gari tupu ni desturi inayojulikana katika mizani za magari kote duniani, na wakati mwingine makosa yake humfaidi mkulima badala ya kiwanda. Ninachosema ni kwamba risiti haikumwambia. Namba iliyopimwa na namba iliyokumbukwa zilichapishwa kwa wino mmoja na kwa sura moja, na juu yake neno asilolijua. Jambo hili ndilo lililonituma kuchunguza jinsi programu za kukusanya data viwandani zilivyokua kizazi baada ya kizazi. Nilichokikuta kilinishangaza, kwa maana kasoro ile ya risiti haina udhuru wowote wa kiufundi.

Kizazi cha kwanza hakikuwa na programu. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, chini ya usimamizi wa kampuni ya Booker ya Uingereza, mkusanyaji wa data alikuwa karani mwenye kalamu na daftari. Ndivyo ilivyokuwa katika viwanda vingi vya wakati huo: mtu alizunguka na ubao wake, akasoma mishale ya vipimo, akaandika joto, msukumo wa mvuke na uzito katika safuwima zilizopigiwa mistari. Vichwa vya safuwima hizo viliandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu msomaji aliyekusudiwa alikuwa meneja, na nyuma ya meneja wakurugenzi waliokuwa mbali. Mkulima alikuwa mtu anayeandikwa, si mtu anayeandikiwa. Tulishike jambo hili, maana ndilo lililorithiwa.

Hata hivyo karani alikuwa na faida moja. Ukimuuliza, “Ndugu, hapa umepima au umekisia?” angekujibu. Tena angekujibu kwa Kiswahili, au kwa Kikabrasi, au kwa Kiwanga.

Kizazi cha pili kilikuwa cha mashine zisizojua majina. Mwaka 1969 kampuni ya Modicon huko Massachusetts, Marekani, ilitoa chombo cha kielektroniki cha kuongoza mitambo kilichoitwa 084, kichukue nafasi ya kabati za swichi na nyaya zilizokuwa zikitumika katika viwanda vya magari. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ikatoa Modbus, yaani kanuni za vyombo hivyo kupashana habari. Modbus ingali inatumika hadi leo katika viwanda na mitambo mingi. Lakini tazama lugha yake ilivyo. Data hukaa katika vijisanduku vyenye namba, na kila kijisanduku hubeba tarakimu kuanzia 0 hadi 65,535, basi. Hakina jina. Hakina kipimo. Hakisemi kama 8460 ni kilo, ni nyuzi za joto au ni mizunguko ya gurudumu.

Wanafunzi wa isimu watanielewa nikitoa mfano wa upatanisho wa kisarufi. Nikisema “kimevunjika”, hujui ni kiti, kikombe au kijiko, lakini angalau kiambishi ki- kimekudokezea ngeli. Kijisanduku cha Modbus hakikupi hata ngeli. Maana yote ilibaki katika karatasi ya mhandisi aliyefunga mtambo, na mhandisi huyo akiondoka na karatasi yake, kiwanda hubaki na maelfu ya tarakimu zisizokuwa na nomino.

Kizazi cha tatu kiliipa namba majina. Mwaka 1980 ilianzishwa California kampuni iliyokuja kujulikana kama OSIsoft. Programu yake iliyoitwa PI ilikusanya vipimo vya mitambo na kuvihifadhi kwa mfuatano wa wakati, miaka nenda miaka rudi. Programu za aina hii wahandisi huziita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mwanahistoria, na kwa kweli ndiyo kazi yake. Mwaka 1987 ikaanzishwa Wonderware, na programu yake ya InTouch ikaleta picha za mitambo kwenye skrini za kompyuta za kawaida zilizotumia Windows. Mwendeshaji aliweza sasa kuona tangi likijaa na valvu ikifunguka bila kuondoka kitini.

Majina yalikuja, lakini yalikuja yamekatwa mikia. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali na nafasi ilikuwa haba. Hata MS-DOS iliruhusu jina la faili la herufi nane tu pamoja na tatu za nyongeza. Wahandisi wakazoea kuandika vifupisho, na vifupisho vile vikahamia kutoka skrini hadi kwenye karatasi ya kuchapisha. Hapo ndipo ilipozaliwa risiti ya jirani yangu. Upungufu wa nafasi uliisha zamani. Simu iliyomo mfukoni mwa mzee ina kumbukumbu kubwa kuliko kompyuta nyingi zilizoendesha viwanda wakati ule. Vifupisho, hata hivyo, havikuondoka.

Wasomaji wa makamo yangu wanakumbuka hofu iliyoenea dunia nzima mwaka 1999 ulipokuwa ukielekea ukingoni. Watunzi wa programu za zamani walikuwa wameandika mwaka kwa tarakimu mbili badala ya nne ili kubana nafasi, tangu enzi za kadi za kutobolewa. Nafasi ilipopatikana, mazoea yaliendelea, hata ikabidi fedha nyingi zitumike kote duniani kurekebisha, ili mwaka 2000 usije ukasomwa kuwa 1900. Somo la tukio lile ni kwamba programu hurithi si mema ya wazazi wake tu, bali pia uhitaji wao na ubahili wao. Mtoto wa tajiri anaendelea kula kwa kubana kwa sababu babu yake alipitia njaa.

Kizazi cha nne ndicho kinachonishangaza zaidi kama mwanaisimu. Mwaka 1996 kampuni kadhaa zilikubaliana juu ya kanuni zilizoitwa OPC, ili programu za watengenezaji mbalimbali ziweze kusikilizana. Chini ya kanuni hizo, kila namba husafiri na wenzake wawili: wakati iliposomwa, na alama ya ubora inayosema kama namba hiyo ni ya kuaminika, ni ya shaka au ni mbovu. Kwa maneno mengine, namba ilianza kubeba ushahidi wake.

Katika isimu tunalijua jambo hili. Zipo lugha ambazo sarufi yake humlazimisha msemaji aonyeshe amejuaje anachokisema. Katika Kituruki, kitenzi cha wakati uliopita huchukua kiambishi kimoja ikiwa msemaji ameshuhudia tendo kwa macho yake, na kingine ikiwa ameambiwa au amelitambua baadaye. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, lakini tuna neno dogo lenye kazi kubwa: “eti”. “Gari lina kilo 8,460” ni kauli ya aliyepima. “Eti gari lina kilo 8,460” ni kauli ya aliyesikia. Programu za kizazi cha nne zinaweza kulisema hilo “eti”. Zinajua tofauti ya namba iliyopimwa sasa hivi na namba iliyotolewa ghalani, mradi aliyezisanidi amezielekeza hivyo. Tofauti hiyo hufutwa namba inapofika kwenye risiti ya mkulima.

Katika muongo uliofuata akaja mrithi, OPC UA, naye akaongeza jambo jingine. Ndani yake imo aina ya data ambayo kazi yake ni kubeba maandishi pamoja na alama ya lugha ya maandishi hayo. Jina la kipimo kimoja linaweza kuhifadhiwa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kichina, na mtumiaji akaliona kwa lugha aliyoichagua. Kiswahili nacho kina alama yake katika orodha za kimataifa: ni sw, na Kiswahili cha Kenya ni sw-KE. Kiti kimewekwa mezani na jina letu limeandikwa juu yake, ila hatujaja kuketi.

Sambamba na hayo kulikuwa na ukuaji wa njia za kusafirisha data. Mwaka 1999 Andy Stanford-Clark wa IBM na mwenzake Arlen Nipper walibuni MQTT, njia nyepesi ya kutuma vipimo vya mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila herufi iliyotumwa ilikuwa na gharama. Leo njia hiyo hutumika na vihisio vya kila namna, na data ya mtambo inaweza kufika kwenye simu iliyo mbali kwa muda wa kupepesa jicho. Kwa hivyo hata hoja ya umbali imekufa. Ikiwa meneja aliye Nairobi anaweza kuona mizani ya kiwanda kilichoko Magharibi mwa Kenya papo hapo, mkulima aliye kilomita tano kutoka kwa mizani hiyo naye anaweza.

Tukijumlisha, safari ya vizazi hivi imekuwa safari ya lugha. Namba ilianza bila jina, ikapata jina, ikapata wakati, ikapata ushahidi, na mwisho ikapewa uwezo wa kusema lugha nyingi. Jambo moja tu halikusogea kutoka pale daftari la karani lilipoliacha: nani anayeambiwa. Ndani ya kiwanda, data imefika kizazi cha nne. Inapovuka lango kumwendea mkulima, inarudi utotoni.

Huenda msomaji akaona kwamba mwalimu wa lugha anakuza jambo dogo. La hasha. Kilimo cha miwa ni kilimo cha kusubiri. Muwa wa kwanza katika eneo letu huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa. Kwa muda wote huo familia imelima, imepalilia, imekopa mbolea, na imeahidi karo kwa mwalimu mkuu. Matarajio yote hayo hukutana na ukweli katika kipande kimoja cha karatasi kisichozidi kiganja cha mkono. Asiyeweza kukisoma hawezi kukipinga, na hawezi hata kuridhika nacho. Hubaki na uvumi. Uvumi nao huwadhuru wote, kiwanda kikiwemo, kwa maana mkulima asiyeiamini mizani atauza miwa yake kwa yeyote apitaye na fedha taslimu.

Tena mambo yako karibu kuwa magumu zaidi. Sheria ya Sukari ya 2024 imeirejesha Bodi ya Sukari ya Kenya, na mjadala wa kulipa miwa kwa kiwango cha sukari badala ya uzito pekee umepamba moto. Nauunga mkono mjadala huo. Mkulima aliyetunza muwa wake hadi ukakomaa anastahili malipo bora kuliko aliyekata mchanga. Lakini malipo ya aina hiyo yataleta kwenye risiti maneno mapya, kama vile Brix, kipimo cha vitu vilivyoyeyuka katika maji ya miwa, na pol, kipimo cha sukari kinachopatikana kwa kutazama jinsi maji hayo yanavyozungusha mwanga. Uzito mkulima anaweza kuukisia kwa macho na kwa uzoefu. Mwanga unaozunguka ndani ya maabara hawezi kuukisia. Ikiwa neno moja la mizani lilimchanganya mzee wangu na tarehe, hali itakuwaje maabara itakapoanza kusema naye kwa vifupisho?

Zipo pingamizi, nami nitazitazama kwa haki. Kuna wasemao kwamba Kiingereza ndicho lugha ya teknolojia, na kwamba Kiswahili kitaleta istilahi ngumu kuliko zile za kigeni. Jibu limo mikononi mwetu sote. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, mamilioni ya Wakenya wamezoea kutuma, kupokea na kutoa pesa kwa simu, na mteja akitaka anaweza kupokea ujumbe wake kwa Kiswahili. Hakuna aliyepoteza pesa kwa sababu neno “umepokea” ni gumu. Mapema zaidi, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho ilikuwa tayari imechapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi aghalabu ni wale ambao hawajawahi kuyatafuta.

Wengine watauliza kwa nini isiwe lugha ya mama. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaibeza. Lakini Kaunti ya Kakamega pekee ina Wawanga, Wakabrasi, Waisukha, Waidakho, Wabukusu na wengineo, kila mmoja na lahaja yake, na foleni ya mizani ina madereva na wapakiaji kutoka kila pembe. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha pale langoni. Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Programu ikishajifunza lugha ya pili, ya tatu haitaishinda.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nami nalikubali. Mizani iliyopinda hainyooshwi na Kiswahili sanifu. Ndiyo maana tuna Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na wakaguzi wanaopaswa kuitekeleza. Hata hivyo mkaguzi hawezi kuwa langoni kila siku, ilhali mkulima yupo. Risiti inayosomeka humfanya kila mkulima kuwa mkaguzi wa mzigo wake mwenyewe.

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi mpya. Kwanza, kila risiti ya mizani na kila taarifa ya malipo iandikwe kwa Kiswahili na kwa maneno kamili: uzito wa gari na shehena, uzito wa gari tupu, uzito wa miwa, makato, salio. Penye makato, kila kato litajwe kwa jina lake: usafiri, ukataji, mbegu, mbolea. Pili, mbele ya kila namba liwepo neno moja la ushahidi: “imepimwa”, “imekumbukwa” au “imekadiriwa”, pamoja na saa. Tatu, mkulima awe na haki ya kupata historia ya mizigo yake yote, kwa njia inayosomeka nje ya programu ya kiwanda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu chake cha 26, tayari inampa mtu haki ya kuzifikia data zake zilizo mikononi mwa mwingine na kudai zilizo na makosa zirekebishwe.

Hili la tatu lisichukuliwe kwa wepesi. Kampuni ya Mumias iliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, na mwaka 2021 ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai. Viwanda hufungwa, huuzwa na hukodishwa. Programu hubadilishwa pamoja na wenyewe. Mkulima na shamba lake ndio wanaobaki. Si haki kumbukumbu ya jasho la mtu ifungiwe ndani ya mtambo ambao mwenyewe anaweza kubadilika kesho.

Bodi ya Sukari inaweza kuyaweka mambo haya katika masharti ya leseni. Viwanda vinaweza kuyadai kutoka kwa wauzaji wa programu, maana anayenunua ndiye anayechagua. Lakini nawageukia hasa walimu na wanafunzi, kwa kuwa ndio wasomaji wa ukurasa huu. Sisi watu wa lugha tumetumia miaka mingi kubishana kama kompyuta iitwe tarakilishi, ngamizi au tarakishi, huku maneno yanayoamua karo ya watoto wetu yakichapishwa langoni mwa kiwanda bila yeyote kati yetu kuyatazama. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili anaweza kuwaambia wanafunzi wake walete risiti moja kutoka nyumbani, iwe ya miwa, ya majani chai, ya maziwa au ya umeme, waiandike upya kwa Kiswahili ambacho nyanya zao wataelewa. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwafanya wakague hesabu yake. Mwanafunzi wa kompyuta chuoni anaweza kuchagua mradi wa kuijaza ile nafasi ya sw-KE iliyo wazi, akishirikiana na mwenzake wa isimu aliye jengo la pili. Kazi kama hizo zitawafaa wengi kuliko tasnifu zinazokula vumbi kabatini, zangu zikiwemo.

Jirani yangu alirudi wiki iliyofuata na risiti mpya. Safari hii hakuniomba nimsomee. Alikuwa ameandika kwa penseli juu ya kila kifupisho jina lake la Kiswahili, na pembeni mwa uzito wa gari tupu ameandika neno moja: “eti”. Aliniambia kwamba siku hiyo, kabla trekta halijaondoka, alimwomba karani kwa upole alirudishe kwenye mizani likiwa tupu. Karani alikubali. Foleni ilichelewa kidogo, na waliokuwa nyuma yake, walipoelezwa sababu, wakaomba yao yarudishwe pia.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu, Kakamega.